Dawa Zinazofunga Mlango wa Virusi

Akina mama wa jumuiya ndogondogo wametuuliza: ikiwa siku hizi kompyuta inasaidia kubuni dawa, mbona Ebola bado inaua? Swali hili si la mbali kwetu sisi wa Kigoma na Ujiji. Watu na mizigo huvuka ziwa kati ya Kibirizi na ng'ambo ya Kongo, na ndugu zetu wengi wana jamaa pande zote mbili.

Virusi haviwezi kuzaana vyenyewe. Ni lazima viingie ndani ya seli, yaani vile vyumba vidogo mno vinavyojenga mwili, vikatumie vyombo vya mwenye nyumba. Virusi vya Ebola vina miiba ya protini kwa nje. Seli huvimeza bila kujua, lakini kwanza hubaki vimefungwa ndani ya kifuko, kama mgeni aliyeishia barazani. Humo vimeng'enya vya seli yenyewe hukata kilele cha mwiba, na sehemu iliyokuwa imefichwa hubaki wazi. Hiyo ndiyo ufunguo. Kufuli lake ni protini ya seli iitwayo NPC1, iliyotambuliwa mwaka 2011. Ufunguo ukiingia, ngozi ya virusi huungana na ya kifuko, na yaliyomo humwagika ndani ya seli.

Hapa ndipo kompyuta inaposaidia. Wataalamu hupiga protini hizo picha kwa mionzi, na kompyuta hukokotoa umbo lake, kila bonde na kila shimo. Kisha hupewa maelfu ya kemikali ili ijaribu moja moja, ipi itakaa vizuri katika shimo lipi. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford, Uingereza, walionyesha kwamba toremifene, dawa ya saratani ya matiti, hukaa katika shimo moja la mwiba wa Ebola na kuulegeza. Tangu hapo shimo hilo limetafutiwa kemikali nyingine kwa kompyuta. Lakini toremifene si tiba ya Ebola, mtu asiende kuitafuta dukani! Kompyuta haina ini wala figo, haitapiki wala haiharishi. Inatuonyesha tu kipi kinafaa kujaribiwa.

Dawa iliyofaulu ilianzia kwa mgonjwa. Mwaka 1995 Ebola ilizuka Kikwit, Kongo, wakati huo ikiitwa Zaire. Waliugua watu 315 na wengi wao walifariki, wakiwemo masista 6 wa shirika la Maskini wa Bergamo, waliokuwa wakihudumia wagonjwa. Mtu mmoja aliyepona alitoa damu miaka 11 baadaye, na bado ilikuwa na kingamwili dhidi ya Ebola. Profesa Jean-Jacques Muyembe wa Kinshasa na wenzake wa Marekani walipata humo kingamwili moja wakaiita mAb114. Picha za umbo lake zilionyesha kwamba hushika palepale penye ufunguo, wala haing'oki vimeng'enya vinapokata mwiba. Kwa hiyo virusi hubaki barazani.

Kuanzia Novemba 2018 hadi Agosti 2019, dawa nne zilijaribiwa mashariki mwa Kongo kwa wagonjwa 681. Kati ya kila wagonjwa 100 waliopewa mAb114 walifariki 35. Waliopewa REGN-EB3, mchanganyiko wa kingamwili tatu, karibu 34. Dawa nyingine mbili, ZMapp na remdesivir, zilipoteza wagonjwa 50 na 53. Tazameni pia jambo hili: kwa waliofika virusi vikiwa bado vichache katika damu, zile dawa mbili bora zilipoteza wagonjwa 10 au 11 tu kati ya 100. Kwa waliofika damu ikiwa imejaa virusi, walifariki zaidi ya 60. Dawa ni ileile, dripu ni ileile ya mara moja. Kufunga mlango hakuwatoi wezi waliokwisha kuingia.

Shirika la Afya Duniani lilipendekeza dawa hizo mbili mwaka 2022, kwa Ebola ya aina ya Zaire peke yake.

Marburg nayo hutumia kufuli lilelile la NPC1, ila ufunguo wake ni tofauti, hivyo dawa za Ebola haziifai. Katika mkoa jirani wa Kagera iliwapata watu 9 mwaka 2023, wakafa 6. Huko Biharamulo mwaka 2025 iliwapata 10, na hakupona hata mmoja. Nchini Rwanda mwaka 2024 waliugua 66, wengi wao wahudumu wa afya, wakafa 15. Huko wagonjwa walitafutwa mapema, wakapewa maji na uangalizi wa karibu, pamoja na remdesivir na kingamwili iliyokuwa bado ikijaribiwa.

Basi homa ikikushika ndani ya siku 21 baada ya kutoka safari yenye mlipuko, kumwuguza mgonjwa wa namna hiyo au kugusa maiti msibani, usingoje kutapika na kuharisha. Piga simu 199 ya Wizara ya Afya, haina malipo. Ukifika hospitali, sema mapokezi, kabla hujakaa na wengine kwenye benchi, umetoka wapi na umemgusa nani.