Kukata ekzosi ya toyo hakukupandishii nyanya mlimani

Wiki hii kantangaze tunampumzisha kidogo, tuongee ekzosi. Najua mimi ni bwana shamba, si fundi makenika, lakini nazunguka Kahe nzima kwa pikipiki na ninachokiona kinaniuma.

Kuna kijana wetu mmoja, mkulima wa nyanya na vitunguu, alinunua toyo ili aachane na madalali wanaomfuata shambani na bei zao za mfukoni. Hesabu yake ilikuwa nzuri tu: apakie matenga alfajiri, apite Himo, apandishe Marangu, auze mwenyewe. Huku bondeni toyo ilikuwa inateleza. Ikianza kupanda juu ya Himo inaishiwa pumzi. Fundi akamwambia ekzosi inaibana injini, atoe mkebe, aweke bomba nene lililo wazi. Mimi nilikuwa palepale nasubiri kuzibiwa pancha, na sikusema neno. Wiki ya tatu valvu ya moshi ikaungua, siku ya soko, mzigo umejaa. Nyanya akaziuza kando ya barabara kwa bei ya kutupa.

Sasa niseme nilichotakiwa kusema siku ile.

Moshi hautoki kwenye injini kama maji ya mfereji. Unatoka kwa mipigo. Valvu ikifunguka, mpigo mmoja unakimbia ndani ya bomba, na nyuma yake unaacha mvuto unaosaidia kutoa moshi uliobaki na kuingiza hewa mpya na petroli. Urefu na unene wa bomba vimepimwa ili mvuto huo uje kwa wakati wake. Ukiweka bomba nene, moshi unapunguza kasi na mvuto unalegea, hasa injini inapozunguka taratibu. Na toyo yenye matenga mlimani inazunguka taratibu! Kwa hiyo unapata kelele nyingi na mvuto pungufu. Sikio linadanganya kweli kweli hapa, ukisikia mngurumo unaamini kuna nguvu.

Halafu kuna kabureta. Ukifungua ekzosi bila kugusa jeti, hewa inaweza kuzidi petroli. Mchanganyiko wa namna hiyo unawaka kwa joto kali, na wa kwanza kuumia ni valvu ya moshi. Wenzetu wa nje wenye zile pikipiki za shamba za magurudumu manne nao hubadilisha ekzosi, ila wanaojua kazi hubadilisha na jeti pamoja, na wengi wanatafuta mbio. Wewe unatafuta kuvuta mzigo.

Mbona basi toyo inachoka mlimani? Kahe tuko kama mita 700 kutoka usawa wa bahari, Marangu ni kama mita 1,400. Kadiri unavyopanda hewa inakuwa nyepesi, na injini ya kawaida hupoteza karibu asilimia 1 ya nguvu kwa kila mita 100. Yaani ukifika Marangu umeshapoteza kama asilimia 7, hata toyo ikiwa mpya. Hapo injini inakosa hewa ya kuingia. Moshi wa kutoka hauna kosa. Na sasa weka juu yake chujio la hewa lililojaa vumbi letu la Kahe la mwezi wa tisa...

Anza na hilo chujio. La sponji lioshe kwa sabuni, likauke, lipake oili kidogo, ukamue. La karatasi ukiona limeziba, nunua jingine. Kisha fungua plagi uitazame: kahawia mpauko ni nzuri, nyeupe ujue hewa imezidi, nyeusi yenye masizi makavu petroli imezidi au chujio limeziba. Pima uwazi wa valvu. Inua gurudumu moja moja ulizungushe kwa mkono, maana nimeona toyo ya mtu inapanda mlima huku breki imeshika nyuma, naye analaumu injini.

Baadhi ya toyo zina mkono mdogo wa gia ya mlima kwenye difu. Wengi hawajawahi kuugusa tangu wanunue. Simama kabisa, ndipo uingize, uanze kupanda. Kwa pikipiki ya cheni, badilisha sproketi: kama mbele ni meno 15 na nyuma 45, ukiweka 14 mbele mvuto kwenye tairi unaongezeka kama asilimia 7. Utapunguza mbio, lakini nyanya hazikimbilii popote.

Ekzosi nayo huwa na kosa mara chache. Imebonyezwa na jiwe, imejaa tope baada ya kuvuka maji ya mafuriko, au imezibwa na masizi kwa sababu injini inakula oili. Hapo isafishe au weka nyingine ya aina ileile. Ukisikia inapiga fataki ukiachia mafuta, angalia gasketi pale bomba linapoungana na injini.

Na wale mnaoingia na ekzosi wazi kwenye majaluba ya mpunga mkibeba mabua makavu, mkebe ule unapoza moshi na kunasa cheche. Urudisheni kabla ya mavuno.

Kijana wetu amerudisha ekzosi ya zamani. Amepunguza matenga mawili, na safari hii chujio tumelifungua wote.