Pezi la Samaki na Mkono wa Roboti

Kiswahili hutofautisha kubana na kufumbata. Koleo hubana: taya zake hugusa kitu mahali padogo, na nguvu yote hukusanyika hapo. Chuma hustahimili, lakini nyanya iliyoiva huchubuka, na penye mchubuko ndipo uozo huanzia. Mhandisi aundaye mkono wa roboti wa kuchumia matunda hana budi kutafuta kifumbatacho.

Jawabu mojawapo limetoka majini. Mwaka wa 1997 Leif Kniese wa Ujerumani alibaini kwamba pezi la mkia wa samaki, likisukumwa ubavuni kwa kidole, halikwepi, bali ncha yake huinama kukielekea kidole hicho. Siri imo katika umbo, kwani kila kijiti cha pezi kina nusu mbili zilizolazwa sambamba. Kidole cha roboti kilichoigizwa pezi hilo kina kuta mbili nyumbufu zikutanazo nchani mfano wa pembetatu ndefu, zikiunganishwa kwa mbavu zilizokingama. Tunda likiugusa ukuta wa ndani, ukuta hubonyea, mbavu huuvuta na kuusukuma ule wa nje, na ncha hulizunguka tunda. Mguso huenea, shinikizo hupungua. Kupinda huko hakuhitaji mota ya ziada wala hesabu ya kompyuta.

Hata hivyo, kushika si kuchuma. Stroberi yafaa ikatwe kikonyo. Nyanya hupindwa hadi kifundo cha kikonyo kiachie. Tena kidole cha namna hii ni kinene, nacho hakipenyi kwa urahisi kichala kilichosongamana pasipo kuyasukuma matunda mabichi yaliyo jirani.