Chagueni Masomo Mkijua Mwendako

Kila mwaka, katika nyumba nyingi za Kenya, hufika siku ambayo mtoto huleta karatasi kutoka shuleni na kumwambia baba yake, "Mwalimu ataka niandike masomo nitakayosoma." Aghalabu baba hutia sahihi bila kuuliza neno, ama kwa kuwa ana haraka ya kwenda kazini, ama kwa kuwa yeye mwenyewe hakuyasoma masomo hayo. Karatasi hurudi shuleni. Jambo lenyewe huchukua dakika tano, lakini matokeo yake huenda yakadumu maisha yote ya mtoto.

Mimi ni karani katika ofisi moja ya serikali inayoshughulika na mambo ya ardhi. Kazi yangu ni kutunza majalada, na kila siku wapima ardhi huja kwangu kuomba ramani. Nawapa ramani, nao huzitia garini pamoja na vyombo vyao, wakaenda zao mashambani. Kazi hiyo ya upimaji ndiyo niliyoitaka tangu utoto. Sikuikosa kwa uvivu, wala kwa ukosefu wa karo. Niliikosa kwa sababu ya somo moja.

Nilisoma katika shule ya sekondari ya misheni, chini ya mpango wa 8-4-4 ulioanza mwaka 1985. Katika mpango huo mwanafunzi hufanya mtihani wa KCSE katika masomo yasiyopungua saba: Kiingereza, Kiswahili na Hisabati, kisha sayansi mbili kwa uchache, na mengine ya kuchagua. Mwisho wa Kidato cha Pili tuliambiwa tuache baadhi ya masomo. Mimi nikashika Biolojia na Kemia, nikaiacha Fizikia. Kwa nini? Kwa kuwa rafiki zangu wawili waliiacha, na kwa kuwa mwalimu wake alikuwa mkali. Hakuna mtu aliyeniuliza nataka kufanya kazi gani, wala mimi sikujiuliza.

Mwaka 2008 nikafanya mtihani, nikafaulu vizuri. Nikaomba nafasi ya kusomea stashahada ya upimaji katika chuo kimoja. Barua ya majibu ilikuwa fupi: alama zangu zatosha, lakini sina Fizikia. Niliisoma barua ile mara tatu, kana kwamba maneno yake yangegeuka.

Sisemi haya kwa kulalamika. Ukarani ni kazi ya heshima, nayo imenilisha na kuwasomesha wadogo zangu. Nasema ili kijana asomaye gazeti hili leo asije akapata barua kama ile.

Kosa letu ni kwamba twaanzia mahali pasipo pake. Twauliza, "Somo gani ni rahisi?" badala ya kuuliza, "Kazi ile yataka masomo gani?" Msafiri wa kwenda Kisumu akifika stesheni hapandi basi lenye viti vizuri asijue liendako. Huuliza kwanza. Vivyo hivyo, yafaa mwanafunzi aanzie kwenye kazi aitakayo, atazame chuo kinachofundisha kazi hiyo, asome masharti ya chuo, ndipo arudi nyuma mpaka kwenye karatasi ya mwalimu.

Masharti hayo si siri. Kwa watokao katika mpango wa 8-4-4, idara iitwayo KUCCPS, iliyoundwa kwa Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2012, ndiyo inayowagawia vijana nafasi vyuoni. Kuingia chuo kikuu kwataka wastani wa C+ au zaidi, lakini wastani peke yake hautoshi. Kila kozi ina kundi lake la masomo manne yanayopimwa mbali na wastani. Atakaye udaktari hana budi kuwa na Biolojia na Kemia, pamoja na Hisabati au Fizikia, na lugha. Atakaye uhandisi hawezi kupita bila Hisabati, Fizikia na Kemia. Atakaye sheria hutakiwa apate B katika Kiingereza au Kiswahili. Kwa hiyo mtoto anayedharau Kiswahili huku akisema atakuwa wakili ajiangalie. Na atakaye kuwa mwalimu wa sekondari lazima apate C+ katika masomo mawili atakayofundisha. Akitaka kufundisha Historia na Jiografia, kisha akaacha moja katika Kidato cha Pili, amejifungia mlango kwa mkono wake mwenyewe.

Wanafunzi wa mwisho wa mpango huo watafanya KCSE mwaka 2027. Wadogo zao wamo katika mpango mpya, ambao ndani yake uchaguzi huja mapema zaidi. Mtoto akiwa Gredi ya 9 huchagua njia moja kati ya tatu za sekondari ya juu: Sayansi, Teknolojia, Uhandisi na Hisabati, au Sayansi za Jamii, au Sanaa na Sayansi ya Michezo. Wote husoma Kiingereza, Kiswahili au Lugha ya Ishara ya Kenya, na Hisabati, kisha kila mmoja huchagua masomo mengine matatu kulingana na njia yake. Hata Hisabati yenyewe ni ya namna mbili: ile ya kina wanayosoma walioshika njia ya sayansi, na ile nyepesi zaidi. Wanafunzi wa kwanza wa mpango huu waliingia Gredi ya 10 mwezi wa Januari 2026.

Binti wa kaka yangu alikuwa miongoni mwao. Mwaka 2025, alipokuwa Gredi ya 9, niliwatembelea nyumbani nikamwuliza, "Mwanangu, umechagua njia gani?"

Akajibu, "Baba mdogo, nimechagua Sayansi za Jamii."

"Kwa sababu gani?"

"Wenzangu wote wamechagua hiyo. Tena wanasema Fizikia ni somo la wavulana."

Nikashangaa, maana mtoto huyu ndiye anayeamka usiku ng'ombe anapozaa, na daktari wa mifugo akija, yeye ndiye anayemshikia taa. Nikamwuliza tena, "Wewe mwenyewe wataka kufanya kazi gani?" Akainama, akasema kwa sauti ndogo, "Ningependa kuwa daktari wa mifugo."

Kaka yangu akasema, "Kumbe! Mimi nilidhani ataka kuwa wakili."

Basi baba na mtoto walikuwa wakikaa nyumba moja na kula meza moja, wala hawakuwa wamelizungumza jambo hilo hata siku moja. Niliwasimulia habari ya barua yangu. Tukaketi sote watatu tukayatazama masharti: udaktari wa mifugo wataka Biolojia na Kemia, na Hisabati au Fizikia. Katika njia aliyoandika asingeweza kuzisoma sayansi hizo zote. Juma lililofuata kaka yangu aliomba ruhusa kazini, akaenda shuleni kumwona mwalimu, na karatasi ikabadilishwa kabla muda haujapita.

Kutokana na hayo natoa mashauri machache. Kwanza, usichague somo kwa ajili ya rafiki. Rafiki yako hatakuja kukufanyia kazi. Pili, usilikimbie somo kwa ajili ya mwalimu. Mwalimu aweza kuhamishwa muhula ujao, lakini cheti chako hakihami. Tatu, wasichana wasikubali kuambiwa kwamba somo fulani si lao. Karatasi ya mtihani haiulizi kama aliyeijibu ni mvulana au msichana.

Nne, jipime kwa haki. Mtoto ambaye tangu mwanzo hupata alama za chini katika Hisabati, hata baada ya bidii na msaada, asisukumwe katika uhandisi ili baba apate sifa kijijini. Wapo wanaodhani kwamba sayansi ni ya wenye akili na njia nyingine ni za walioshindwa. Huo ni upotofu. Nchi yahitaji wakili, mwandishi, mhasibu na mwanamuziki kama inavyomhitaji mhandisi. Tano, kabla ya kuchagua shule, ulizeni kama inayo njia hiyo na walimu wa masomo hayo, na kama maabara ipo na inatumika, kwa maana si kila shule ina kila kitu.

Na kijana ambaye amekwisha kosea, kama nilivyokosea mimi, asikate tamaa. Vyuo vya ufundi vina kozi za cheti na stashahada zenye masharti mepesi zaidi, na wengi wamepanda kutoka cheti hadi stashahada, na kutoka stashahada hadi shahada. Lakini ajue kwamba njia hiyo ni ndefu, nayo yataka miaka na fedha ambazo angeziokoa kwa kuuliza mapema.

Wazazi, hasa ninyi ambao hamkupata kusoma sana, msiogope kuingia katika ofisi ya mwalimu. Kuuliza si ujinga. Mwulizeni mtoto ataka kuwa nani, kisha mwulizeni mwalimu kama masomo hayo yatamfikisha huko. Maswali hayo mawili hayalipiwi hata senti moja.

Binti yetu sasa yumo katika njia ya sayansi. Fizikia yamsumbua, naye aniandikia kuniambia hivyo. Kufaulu au kushindwa ni juu ya bidii yake na majaliwa ya Mungu. Lakini siku atakapoomba nafasi chuoni, hatarudishwa kwa ajili ya somo ambalo hakulisoma.