Mhandisi wa Miundo na Kazi Yake

Apitaye siku hizi katika mji wa Songea ataona nyumba za ghorofa zikiinuka mahali palipokuwa na nyumba za chini za tofali. Jambo hili lafurahisha. Lakini wako wadhanio kwamba ghorofa ni nyumba ya chini iliyopandishwa juu ya nyingine, na dhana hiyo imekwisha kugharimu roho za watu. Kwa hiyo twapenda kuwaeleza wasomaji wetu kazi ya mtu ambaye aghalabu hasikiki wala haonekani: mhandisi wa miundo, yaani yule apimaye kwa hesabu nguvu za jengo kabla msingi haujachimbwa.

Yafaa kwanza tuwatofautishe watu watatu. Msanifu hupanga vyumba, milango na sura ya nyumba. Fundi huijenga kwa mikono yake. Mhandisi wa miundo husimama kati yao akiuliza: uzito huu utashuka kwa njia gani hata ufike ardhini? Sakafu hukalia mihimili, mihimili hukalia nguzo, nguzo hukalia msingi, nao msingi hukalia ardhi. Njia hiyo ikikatika mahali pamoja tu, jengo zima limo hatarini.

Na uzito wenyewe si haba. Tutwae chumba cha mita 4 kwa mita 5, chenye sakafu ya zege ya unene wa sentimita 15. Zege hiyo ni mita za ujazo 3, na kila mita moja ina uzito wa kilo 2,400 hivi. Jumla ni kilo 7,200, sawasawa na magunia 72 ya mahindi ya kilo 100, na bado hajaingia mtu wala kitanda.

Sasa mavuno yawe mema, naye mwenye nyumba aseme, "Mahindi yangu nitayaweka ghorofani." Sakafu ya chumba cha kulala kwa desturi huhesabiwa kuchukua kilo 150 hadi 200 hivi kwa kila mita ya mraba. Magunia yaliyopangwa kwa kimo cha mita 2 hukandamiza kilo zaidi ya 1,000 juu ya mita hiyo moja. Ndiyo sababu mhandisi mzoefu haanzi kwa kuuliza, "Wataka ghorofa ngapi?" Huuliza, "Utaweka nini humo?"

Elimu yake ya pili ni tabia ya vitu. Lazeni gogo juu ya kijito, kisha mtu asimame katikati. Gogo litapinda, upande wa juu hubanwa, na upande wa chini huvutwa. Zege huvumilia sana kubanwa, lakini ikivutwa hupasuka upesi. Kwa hiyo nondo huwekwa pale zege inapovutwa: chini, katikati ya mhimili, na juu, pale mhimili upitapo juu ya nguzo. Roshani iliyotokeza nje bila nguzo huvutwa upande wa juu, na nondo zake kuu hazina budi kuwa juu. Fundi akizikanyaga zikashuka chini wakati wa kumwaga zege, roshani hiyo yaweza kuanguka ijapokuwa nondo zote zilinunuliwa na kulipiwa.

Tatu ni ardhi. Mkulima ajua kwamba udongo mweusi wa mbuga huvimba wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi. Nyumba ijengwayo juu yake huinuliwa na kushushwa pamoja nao. Mhandisi mwenye busara huchimba mashimo ya kupimia, tena huwauliza wazee maji husimama wapi, na wapi palifukiwa shimo zamani.

Tena tusisahau kwamba Ziwa Nyasa limo katika Bonde la Ufa, ambako ardhi hutikisika. Tarehe 13 Desemba 1910 tetemeko kubwa lilitokea upande wa Rukwa. Na tarehe 10 Septemba 2016 jingine liliipiga Bukoba, watu zaidi ya kumi wakafa na nyumba nyingi zikabomoka. Kwa ajili hiyo mhandisi huagiza ringi za chuma zikaribiane kwenye vichwa na miguu ya nguzo, na ukanda wa zege uzifunge kuta zote pamoja. Hayo hayaonekani nyumba ikiisha kupakwa rangi, lakini ndiyo yaishikayo.

Hata hivyo ustadi mkubwa kupita wote ni kukataa. Tarehe 29 Machi 2013 jengo lililokuwa likijengwa katikati ya Dar es Salaam liliporomoka, watu 36 wakafa. Ilielezwa kwamba kibali chake kilikuwa cha ghorofa 10, nalo lilikuwa limefika 16. Tarehe 16 Novemba 2024 jengo la ghorofa liliporomoka Kariakoo, watu zaidi ya 25 wakapoteza maisha. Iliripotiwa kwamba palikuwa na kazi ya kuchimba chini yake. Nguzo iliyohesabiwa kwa mzigo mmoja haijui kwamba bwana wake amebadili nia.

Katika majengo makubwa ya zamani, kama kanisa la abasia ya Peramiho lililojengwa katika miaka ya 1940, kuta nene ndizo zilizobeba uzito. Katika ghorofa nyingi za leo kuta hujaza nafasi tu, na nguzo chache ndizo zibebazo vyote. Kwa hiyo asithubutu mtu kukata nguzo ili apanue duka.

Basi mwenye kutaka kujenga na ayashike haya. Amtafute mhandisi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 1997. Michoro yake iwepo mahali pa kazi, si kabatini. Zege isizidishiwe maji ili iwe rahisi kumwagika, maana maji mengi huipunguzia nguvu. Imwagiliwe siku saba au zaidi, na mirunda isiondolewe kabla mhandisi hajatoa ruhusa. Nguvu ya zege hupimwa kwa desturi siku ya 28, wala haiji kesho yake.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini ufa wa nguzo hauzibwi kwa lipu. Auonaye na awatoe watu nje kwanza, kisha amwite mhandisi. Ujira wake ni sehemu ndogo ya gharama ya nyumba, na walalao chini ya sakafu ile ni watoto wetu.