Wikendi ya Bukavu: angalia mwezi mbele ya kuagiza sambaza

Watu wengi wa Uvira, Kamanyola, Walungu, Kalehe ao Idjwi wanafika Bukavu kwa sababu ya kazi: hospitali, biashara, karatasi za ofisi. Lakini kuna pia wale wanaokuja kwa siku mbili tu, wapumzike, wakule vizuri, wanywe kidogo, warudi nyumbani. Swali lao ni moja: tukule wapi, bila pesa yote kuishia kwenye meza ya siku ya kwanza?

Jibu linaanzia majini. Bukavu, ziwa ndilo linapanga chakula na bei yake.

Sambaza inafikaje kwenye sahani

Mangaribi, simama mahali unapoona ziwa. Utaona mitumbwi mitatu-mitatu imefungwa pamoja kwa miti mirefu, wavuvi wanapiga kasia huku wanaimba. Usiku wanawasha taa juu ya maji. Sambaza inafuata mwangaza, inakusanyika, wavu unapandishwa. Asubui mapema samaki inafika sokoni.

Basi mwezi ukijaa, ziwa lote linaangaza na taa ya mvuvi haina tena nguvu. Sambaza inatawanyika, wavu unapanda mwepesi, wavuvi wengi wanabaki nyumbani siku kadhaa. Wakati huo bei inapanda, na sambaza utakayopata inaweza kuwa ya siku nyingi. Ukiweza kuchagua wikendi yako, chagua ile ambayo mwezi ni mdogo.

Sambaza yenyewe si mwenyeji wa Kivu. Ilitolewa Ziwa Tanganyika na kuwekwa huku mwishoni mwa miaka ya 1950. Kwa hiyo mtu wa Uvira akikula sambaza Bukavu, anakula mtoto wa kwao aliyehama!

Wapi pa kukaa

Saa sita, nenda malewa. Pembeni ya soko la Kadutu ao la Nyawera, wamama wanapakua bugali, sombe, lenga-lenga, maharagi na sambaza ya kukaanga ao ya mchuzi. Unakaa kwenye benchi ya mbao, bega kwa bega na wapagazi na wanafunzi. Chagua pale watu wamejaa na mvuke unapanda: sufuria inayoisha kila siku mchana hailali mpaka kesho.

Mbele ya kuketi, salimia, kisha uliza: "Mama, sambaza ni ya leo?" Usiishie kwenye jibu, angalia pia. Sambaza ya leo inang'aa kama fedha na tumbo lake ni zima. Kama tumbo limepasuka na harufu ni kali, omba maharagi. Hakuna mtu atakucheka.

Jioni ni saa ya nganda: brosheti za mbuzi, ndizi za kuchoma, pili-pili, muziki. Ukitaka samaki kubwa ya kuchoma, agiza ukifika tu, maana inachukua muda. Na uchague mwenyewe ile ya kuchomwa, ikiwa bado mbichi.

Halafu kuna meza za pembeni ya maji, upande wa Muhumba na La Botte. Kule unalipa chakula, lakini unalipa pia ziwa. Siku moja mimi na binamu zangu wawili tulikaa mahali pa aina hiyo, tukaagiza bila kuuliza bei. Hesabu ikaletwa kwa dola, na kiwango cha kubadilisha kilikuwa cha kwao wenyewe. Tulilipa, tukapanda mlima kwa miguu kwa sababu pesa ya motari ilikuwa imeisha. Toka siku ile, kule naenda kunywa sukre moja tu, jua likishuka nyuma ya vilima. Kukula nakulia kwingine.

Kunywa

Uliza kama kuna Primus baridi. Chupa kubwa inatosha watu wawili wanaoongea. Anayetaka ladha ya kijijini atauliza kasiksi, pombe ya ndizi mbivu zilizokamuliwa na kuchachushwa pamoja na unga wa mtama. Uliza imetengenezwa lini na kwa maji gani. Kanyanga iache: hakuna anayejua nguvu yake, na safari ya kurudi bado inakungoja.

Kwa wasiokunywa pombe kuna nanasi na juisi, kuna maziwa, na kuna mashanza, ile jibini laini ya Bushi. Kahawa nayo, omba ya hapa: Idjwi, Kalehe na Kabare wanalima arabika nzuri, lakini mara nyingi mezani unaletewa kopo ya unga wa kutoka ng'ambo. Usipouliza, hawataitafuta.

Maji ndiyo jambo la kushikilia sana. Kolera haijatoka katika mikoa yetu. Kunywa maji yaliyochemshwa ao ya chupa ambayo unafungua mwenyewe. Barafu na saladi mbichi, kama hujui maji yake, acha. Nawa mikono kwa sabuni. Chakula kinachotoka motoni sasa hivi, hata cha barabarani, ni salama kuliko sahani nzuri iliyopoa.

Pesa na njia

Uliza bei mbele ya kuketi: "Hii ni ngapi, kwa franka?" Kama ni dola, uliza kiwango pale pale. Beba franka ndogo-ndogo, maana mama wa malewa hana chenji ya noti kubwa asubui. Dola iliyopasuka hata kidogo itakataliwa, hata kama wewe ulipewa hivyo.

Na mbele ya kutoka nyumbani, uliza hali ya njia ao ya boti, na usipange kurudi usiku.

Ukifuata haya, siku mbili za Bukavu hazihitaji hoteli kubwa. Na pesa utakayoacha kwenye benchi ya malewa haiendi mbali: inamlipa mama, na mama anamlipa mvuvi aliyekesha juu ya maji.