Korona Imeondoka, Homa Imeingia

Homa ya siku nne haimtishi mtu Mowlem, mtaa wa Eastlands, mashariki mwa Nairobi. Mtoto akianza kuchemka, mzazi hushuka ngazi hadi duka la dawa lililo chini ya ghorofa, akanunua dawa ya kushusha joto, na lisiposhuka anampeleka kliniki ya mtaani. Huko atatolewa damu, apimwe kwa Widal, na mara nyingi jibu linajulikana kabla ya karatasi kutoka: taifodi. Widal ni kipimo cha zamani kinachotafuta kingamwili, na kingamwili hizo mtu anaweza kuwa nazo tangu mwaka juzi, au kwa sababu ya ugonjwa mwingine kabisa. Wataalamu wamekilalamikia kwa miaka mingi, na bado watoto kutoka Dandora hadi Umoja wanaandikiwa dawa kwa ushahidi wake. Asipoambiwa taifodi ataambiwa malaria, hata kama hajatoka nje ya Nairobi, mji ambao malaria haiambukizwi kwa kiasi cha kutajwa.

Mwaka 2020 homa moja ngeni ilijipenyeza katika foleni hiyo. Siku ya nne au ya tano macho yote mawili yanakuwa mekundu bila kutoa usaha. Midomo inakauka na kupasuka, ngozi inatoa upele, tumbo linauma na mtoto anahara. Kuna watoto walioumwa tumbo kiasi kwamba madaktari walidhani ni kidole tumbo, wakakaribia kuwapasua. Kisha mikono inapoa, mapigo yanaenda mbio, presha inashuka. Moyo wa mtoto aliyekuwa akicheza kandanda wiki iliyopita unashindwa kusukuma damu. Akipimwa Korona puani, mara nyingi majibu yanasema hana.

Hapo ndipo ugonjwa huu unapowapiga chenga watu. Huja wiki 2 hadi 6 baada ya virusi kuingia mwilini, wakati ambapo kwa kawaida vimeshafukuzwa kwenye pua na koo. Madaktari wa London ndio waliopiga kengele mwishoni mwa Aprili 2020. Mwezi uliofuata waliandika habari za watoto 8 waliolazwa kwa muda wa siku 10 tu, wengi wao wa asili ya Afrika na Karibi. Bergamo, kaskazini mwa Italia, hospitali moja ilipokea watoto 10 katika miezi miwili, ilhali katika miaka mitano iliyotangulia ilikuwa imeona 19 wenye dalili za namna hiyo. Katikati ya Mei, Shirika la Afya Duniani lilitoa vigezo vya kuutambua. Jina lake refu ni ugonjwa wa uvimbe wa mifumo mingi ya mwili kwa watoto; kwa kifupi madaktari huuita MIS-C.

Mwanzoni wengi walidhani ni Kawasaki, maradhi ambayo daktari Mjapani Tomisaku Kawasaki alikutana nayo kwa mara ya kwanza mwaka 1961, na ambayo hadi leo chanzo chake hakijapatikana. Yanafanana: macho mekundu, upele, na hatari kwa mishipa inayoulisha moyo. Lakini Kawasaki huwapata zaidi watoto wa chini ya miaka 5, wakati MIS-C hupenda wa rika la shule ya msingi, miaka 8 au 9, na huupiga msuli wenyewe wa moyo pamoja na matumbo. Mzee Kawasaki alifariki Juni 2020, wiki chache baada ya jina lake kurudi kwenye magazeti ya dunia nzima.

Turudi Nairobi. Novemba 2020 watafiti walipita nyumba kwa nyumba jijini wakiwatoa watu damu kutafuta alama za Korona, wakakuta asilimia 34.7 wameshaambukizwa. Mtu 1 kati ya 3, na karibu wote hawakuwahi kupimwa wala kujua. Nchini Marekani ilikadiriwa kuwa kati ya kila watoto na vijana milioni moja walioambukizwa katika miezi ya mwanzo, kama 316 walipata MIS-C. Ukichukua kalamu ukazidisha kwa watoto wa jiji la watu zaidi ya milioni 4, hata ukipunguza kwa ukarimu, unapata makumi ya wagonjwa, pengine mia na zaidi. Hiyo ni hesabu yangu ya mezani, si takwimu ya serikali. Lakini inanitosha kuamini kwamba baadhi yao walikuwa Eastlands, na kwamba kwenye vijitabu vyao vya kliniki kuliandikwa jina lingine.

Swali ambalo daktari wa London angeuliza, "Je, mtoto amewahi kuugua Korona?", lina maana gani kwa mama wa Mowlem? Chumba kimoja, watu watano, mafua ya siku mbili yaliyopita bila mtu kununua hata panadol. Swali la maana zaidi lilikuwa: mwezi uliopita kuna mtu hapo nyumbani aliyekohoa?

Ugonjwa haukukosa kuonekana kabisa. Madaktari wa Hospitali ya Chuo Kikuu cha Aga Khan jijini, wakiongozwa na Dkt. Angela Migowa, bingwa wa maradhi ya viungo na uvimbe kwa watoto, walichapisha mwaka 2022 uzoefu wao wa kuutibu hapa Kenya. Kuutambua kunahitaji mashine ya eko ya kuuangalia moyo ukipiga, na vipimo kadhaa vya damu: vya uvimbe, vya kuganda kwa damu, vya jeraha la moyo. Penye vifaa hivyo, MIS-C ilionekana. Pasipo navyo, ilibaki kuwa homa kali.

Kwa nini mwili ujigeuke baada ya adui kuondoka? Mtu wa Eastlands hahitaji maabara kuelewa. Mwizi anapora simu stejini, kelele zinapigwa, umati unakusanyika. Mwizi ameshapotelea kwenye vichochoro, lakini anapita kijana mwenye shati la rangi ileile, na umati unamgeukia yeye. Agosti 2024, jarida la Nature lilichapisha utafiti wa watoto 199 wa Marekani waliougua MIS-C: kwa takriban theluthi moja yao, kingamwili zilizotengenezwa dhidi ya kipande fulani cha kirusi zilikuwa zikishika pia protini ya mwili iitwayo SNX8, kwa kuwa vipande hivyo viwili vinafanana. Kijana wa shati amepatikana, angalau kwa theluthi hiyo.

Mwaka 2025 watafiti wa hospitali ya Charité, Berlin, waliongeza mtuhumiwa mwingine: kirusi cha Epstein-Barr. Kwa watoto waliowachunguza, Korona ilikuwa imeuvuruga ulinzi wa mwili kiasi kwamba kirusi hicho, kilicholala ndani yao kutoka maambukizi ya zamani, kiliamka. Kirusi chenyewe ni mwenyeji wetu. Kiligunduliwa mwaka 1964 na Epstein, Achong na Barr katika maabara ya London, ndani ya vinyama vya uvimbe wa taya vilivyosafirishwa kwa ndege kutoka Kampala, ambako daktari Denis Burkitt alikuwa ameuelezea uvimbe huo. Afrika Mashariki watoto wengi hukipata wakiwa wadogo sana.

Kuhusu tiba, Afrika Mashariki ilikuwa na somo lake tayari, ingawa halikuhusu Korona. Muuguzi hubonyeza ukucha wa mtoto mpaka upauke, anaachia, anahesabu. Rangi ikichelewa zaidi ya sekunde 3 kurudi, mzunguko wa damu umelegea. Zamani mkono wa daktari ungekimbilia dripu na kumimina maji kwa kasi. Mwaka 2011 utafiti wa FEAST, uliofanywa kwa watoto 3,141 wa Kenya, Uganda na Tanzania waliolazwa na homa kali na mzunguko uliolegea, ulionyesha kinyume cha matarajio: waliomiminiwa maji kwa haraka walikufa zaidi, karibu 11 katika kila 100 ndani ya saa 48, dhidi ya 7 kati ya wale ambao hawakumiminiwa. Kwa mtoto wa MIS-C ambaye moyo wenyewe umechoka, tahadhari hiyo ina uzito wa pekee. Anapewa maji kidogo, anaangaliwa tena, na dawa za kuutia moyo nguvu zinaanzishwa mapema.

Dawa ya kuutuliza uvimbe wenyewe ilianza kwa bei ya kutisha. Imunoglobulini hutengenezwa kwa kuchanganya utegili wa damu wa maelfu ya wachangiaji, na mtoto wa kilo 25 huhitaji gramu 50, yaani chupa 10 za gramu 5. Ni familia ngapi za Mowlem zingeweza? Ndiyo maana nauhesabu utafiti uliotoka Juni 2021, ukiratibiwa na Imperial College ya London, kuwa miongoni mwa zile habari njema za Korona ambazo hazikuvuma. Ulilinganisha watoto 614 kutoka nchi 32: waliopewa imunoglobulini, waliopewa steroidi, na waliopewa zote mbili. Haukukuta tofauti kubwa katika kupona. Novemba mwaka huohuo Shirika la Afya Duniani likapendekeza steroidi kwa watoto waliolazwa na MIS-C. Steroidi ni jamii ya prednisolone, vidonge ambavyo hospitali yoyote inayotibu pumu inavyo.

Tangu aina ya Korona iitwayo Omicron ilipoingia mwisho wa 2021 wagonjwa wamepungua sana kila mahali. Wanaotibiwa mapema wengi hupona, na moyo hurudia nguvu zake kwa wiki au miezi. Shida ya mwisho huanzia nyumbani. Siku tatu baada ya kutoka wodini mtoto ameshashuka ngazi kucheza, na mzazi anauliza kuna haja gani ya kumalizia vidonge. Vidonge hivyo hupunguzwa kidogo kidogo kwa wiki 2 au 3. Vikikatwa ghafla, uvimbe unaweza kurudi. Na hata mtoto akiwa mzima machoni pa kila mtu, anatakiwa arudi kwa eko nyingine wiki chache baadaye, kwa kuwa mshipa wa moyo uliofura hauumi.