Wezi wa Baiskeli: Filamu Kuu Hujengwaje

Maria anavua shuka kitandani, anazifunga furushi na kwenda kuziweka rehani. Mumewe, Antonio, amekaa muda mrefu bila ajira, na sasa amepata kazi ya kubandika mabango katika mitaa ya Roma. Sharti la kazi ni kuwa na baiskeli. Baiskeli anayo, ila nayo imo rehani. Fedha ya shuka ndiyo itakayoikomboa. Karani analipokea furushi lao, anaondoka nalo, anaanza kupanda rafu. Kamera inamfuata juu, juu zaidi, na hapo ndipo tunapoona kwamba rafu zote zimejaa mafurushi ya shuka za watu wengine. Hakuna msimulizi aliyetueleza kwamba vita vimeuacha mji mzima hoi. Kamera imepanda kwa sekunde chache tu, nasi tumejua.

Filamu hiyo ni Ladri di biciclette, yaani Wezi wa Baiskeli, iliyoongozwa na Vittorio De Sica mwaka 1948. Mwaka 1952 jarida la Uingereza, Sight and Sound, lilipowaomba wahakiki wataje filamu bora kuliko zote, hii ndiyo iliyoshika nafasi ya kwanza. Kura hiyo hurudiwa kila baada ya miaka 10. Citizen Kane ya Orson Welles iliongoza tangu 1962 hadi 2002, Vertigo ya Alfred Hitchcock ikaipiku mwaka 2012, na mwaka 2022 ikaongoza Jeanne Dielman ya Chantal Akerman wa Ubelgiji. Orodha hizi tunazifuatilia kwa hamu, lakini zinachotuonyesha zaidi ni nani aliyeulizwa na alikuwa akithamini nini wakati ule. Anayetaka kujua ukubwa wa filamu hana budi kuingia ndani ya filamu yenyewe.

Basi tuingie. Siku ya kwanza kazini, Antonio yuko juu ya ngazi akibandika bango la mwigizaji Rita Hayworth, na baiskeli inaibwa chini yake. Kilichobaki ni baba na mwanawe mdogo, Bruno, wakizunguka mji kuitafuta. Ukisimuliwa hivyo utasema hadithi yenyewe ni ndogo, na ni kweli. Uzito wake umo katika mpangilio. Polisi wanaandika taarifa, basi. Wenzake wa chama wanamsaidia kutafuta sokoni, hawaipati. Kanisani anapomfuata mzee anayemjua mwizi, anaambulia kuvuruga ibada. Kisha anakwenda kwa mpiga ramli, yuleyule ambaye mwanzoni mwa filamu Antonio alimdharau mkewe kwa kumwamini. Kila mlango anaotoka, anatoka akiwa amepungukiwa na kitu, na njiani anampiga Bruno kofi bila sababu ya maana. Anachobaki nacho ni heshima yake machoni pa mtoto huyo.

Na hiyo ndiyo De Sica anayoiendea. Nje ya uwanja wa mpira zimeegeshwa baiskeli nyingi mno, na kwenye mlango wa nyumba ya jirani imeegemea moja, peke yake. Antonio anampa Bruno nauli na kumwambia atangulie kwa tramu. Bruno anaikosa tramu. Baba anaichukua ile baiskeli, umati unamfukuza, anakamatwa, anazabwa makofi, kofia yake inaanguka. Steling wetu ameiba, na ameshindwa hata kuiba.

Mwongozaji wa kawaida angeikaza kamera kwenye makofi. De Sica anaipeleka kwenye uso wa mtoto anayekuja mbio akiita baba, kisha kwenye mikono yake midogo ikiokota kofia na kuipangusa vumbi. Mwenye baiskeli anamwona mtoto, anaamua kuyaacha. Baba na mwana wanaondoka katikati ya watu, baba analia, na Bruno anautia mkono wake katika mkono wa baba. Kwangu mimi siri ya filamu hii ni hapo: De Sica ameamua nani awe shahidi. Wizi huohuo, kama Bruno angeiwahi tramu, ungekuwa habari ya polisi.

Wapo wanaodhani kwamba filamu ya namna hii hujitengeneza: unachukua watu wa mtaani, unawasha kamera. Sivyo kabisa. Mswada, ambao Cesare Zavattini alikuwa mwandishi wake mkuu, ulipitia mikono ya waandishi kadhaa, na umati unaoonekana kujiendea ulipangwa. Hata kumchukua Lamberto Maggiorani, mfanyakazi wa kiwandani ambaye hakuwa mwigizaji, kulikuwa uamuzi wa kisanaa. Mzalishaji wa Marekani, David O. Selznick, alikuwa tayari kutoa fedha iwapo Cary Grant angepewa nafasi ya Antonio. De Sica akakataa. Alikuwa sahihi. Uso wa nyota humpa mtazamaji matumaini kwamba mambo yatanyooka. Uso wa Maggiorani haumwahidi mtu chochote.

Kipimo kingine, ambacho nakiamini kuliko kura yoyote, ni filamu zilizozaliwa na filamu. Mwaka 1950 Satyajit Ray, msanii wa matangazo ya biashara kutoka Kolkata, aliitazama Wezi wa Baiskeli akiwa London kikazi, akaamua kuwa mwongozaji. Fedha zilimwishia mara kwa mara, vito vya mkewe vikaenda rehani, hadi serikali ya Bengal Magharibi ikamsaidia kumaliza. Filamu yake, Pather Panchali, ilitoka mwaka 1955. Ndani yake, baba anaporudi safarini na kumtolea binti yake sari, bila kujua kwamba binti ameshafariki, mama anaangua kilio, lakini sauti yake hatuisikii; ala ya muziki ndiyo inayolia badala yake.

Barani Afrika, wahakiki wengi huiweka karibu na De Sica filamu ya Ousmane Sembène, Borom Sarret ya mwaka 1963. Sembène, aliyekuwa kuli wa bandari kisha mwandishi wa riwaya, aligeukia filamu kwa sababu watu wake wengi hawakuweza kusoma vitabu vyake. Mwendesha mkokoteni wa Dakar anaingia mtaa wa matajiri, ambako mikokoteni imepigwa marufuku. Nishani yake inaanguka, polisi anaikanyaga. Picha hiyo moja ya kiatu juu ya nishani inasema yote kuhusu uhuru wa nchi yake uliokuwa na miaka mitatu tu.

Kwa vijana wetu wanaotengeneza filamu Dar es Salaam, Nairobi au Bukavu, ombi langu ni moja: kabla hamjaandika mazungumzo ya tukio, amueni nani analitazama na kamera itasimama wapi. Nawe mtazamaji, anza na Borom Sarret. Ni dakika 20 hivi.